Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mwuza nguo wa Kariakoo anapotaka khanga zake zijulikane, siku hizi hatumi tena mpiga mbiu kuzunguka mitaani. Hushika simu yake, akaandika maneno machache, akatia picha, akalipa. Na kabla ya adhuhuri watu wa Temeke, Morogoro na Tanga wamekwisha kuiona bidhaa yake. Mwuzaji yuko Dar es Salaam. Wanunuzi wako katika nchi hii hii. Fedha alizolipia tangazo zimetokana na jasho la hapa hapa. Lakini hati ya malipo, mara nyingi, hutoka Dublin katika nchi ya Ireland, mahali ambapo mwuza khanga huyo hajapata kufika wala hatarajii kufika.

Mwuza khanga analipa kodi ya pango, analipa leseni, na mwisho wa mwaka anatakiwa atoe hesabu ya mapato yake kwa Serikali. Je, huyu mwingine aliyemwuzia tangazo, naye amepata faida katika soko lile lile, anadaiwa nini? Jibu la kanuni ya zamani ni kwamba katika kodi ya mapato hadaiwi kitu. Hana duka hapa. Hana ofisi, hana ghala wala karani. Kwa macho ya kanuni hiyo, mtu huyu hayupo. Na asiyekuwapo hatozwi kodi.

Habari za uchumi wa kidijitali zinaposemwa katika mikutano ya mataifa, maneno mawili hayakosi kutajwa: ushirikiano, na maendeleo yasiyomwacha mtu nyuma. Maneno hayo ni mazuri, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini mfanyakazi na mkulima wana haki ya kuuliza: ushirikiano huo unaanzia wapi? Sisi tunasema hauwezi kuanzia mahali pengine ila pale ambapo kanuni za kugawana mapato zinatungwa. Asiyekuwa na sauti katika kutunga kanuni hatapata haki katika kugawana.

Kanuni ya mwaka 1928

Yafaa ifahamike kanuni hii ilitoka wapi, kwa maana wako wanaoitaja kana kwamba ilishuka pamoja na mvua. Ilitungwa Geneva, chini ya Shirikisho la Mataifa, katika miaka ya 1920, na mwaka 1928 wataalamu wa serikali waliandika mifano ya mikataba ambayo mataifa yameifuata tangu wakati huo. Walikubaliana kwamba faida ya biashara itozwe kodi katika nchi ya mwenye kampuni, isipokuwa kampuni hiyo iwe na makao ya kudumu ya kazi katika nchi nyingine, kama vile kiwanda, ofisi au tawi. Katika dunia ya meli, reli na viwanda vya moshi, mpango huo ulikuwa na maana yake: aliyetaka kuuza ng'ambo kwa wingi hakuweza kukosa kuweka mtu na nyumba huko.

Lakini ni nani waliokuwa katika baraza hilo? Mwaka 1928 Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya Waingereza kwa amana ya Shirikisho hilo hilo. Kenya ilikuwa koloni. Uganda ilikuwa nchi ya ulinzi. Watu wa nchi hizi hawakuulizwa neno. Kwa hiyo mtu asituambie leo kwamba kanuni ile ni mapatano ya mataifa yote. Ilikuwa mapatano ya wenye makampuni, nao waliyaandika wakati ambapo wenye mashamba na migodi hawakuwa na kiti. Wazee walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Miaka karibu mia imepita. Leo kampuni inaweza kuuza kwa mamilioni ya watu bila ya kujenga hata kibanda. Kile kilichokuwa udhaifu mdogo katika kanuni ya 1928 kimekuwa mlango mpana. Mwaka 2015 jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Bwana Thabo Mbeki lilitoa hesabu kwamba Afrika ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa kinyume cha haki, na kwamba sehemu kubwa hutoka katika hila za biashara za makampuni makubwa. Mlango wa kidijitali ulifunguliwa katika nyumba ambayo tayari ilikuwa inavuja.

Mzigo ukamwangukia nani?

Serikali yoyote inahitaji fedha za shule, dawa na barabara. Ikishindwa kumfikia mwenye nguvu aliye mbali, itamgeukia mnyonge aliye karibu. Hilo si neno la kukisia. Tumeliona katika Afrika Mashariki.

Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii. Aliyetozwa hakuwa mwenye mtandao. Alikuwa kijana wa Kampala aliyekuwa akitafuta kazi kwa simu yake. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikawekwa mahali pake kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe. Hapa Tanzania, Julai 2021, yaliwekwa makato juu ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja kulingana na kiasi cha fedha. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huo huo Serikali iliyapunguza kwa asilimia 30. Baadaye yakapunguzwa tena.

Hatusemi kwamba kodi ni uovu. Nchi isiyolipa kodi ni nchi inayoishi kwa kuomba, na ombaomba hachagui. Lakini pima mwenyewe, ndugu msomaji. Mfanyakazi wa kiwandani anayemtumia mama yake fedha za chakula kijijini hakupata faida yoyote katika kutuma huko. Alikwisha kukatwa kodi katika mshahara wake, akakatwa tena alipompelekea mzazi. Wakati huo huo yule aliyevuna faida ya mabilioni kwa matangazo, muziki na michezo ya kwenye simu, akiwa ng'ambo, alikuwa hajaguswa. Huo ndio mzani ulioinama, na ndio unaotufanya tuseme kwamba suala la kodi ya mitandao si la wanasheria peke yao. Ni suala la mshahara na chakula.

Kila nchi na njia yake

Nchi kadha zilichoka kungoja. Kenya ilianza kutoza kodi ya huduma za kidijitali Januari 1, 2021, shilingi moja na nusu katika kila mia ya mauzo. Tangu Desemba 27, 2024, imeibadili: faida ya kampuni isiyo na makao nchini inakisiwa kuwa sehemu ya kumi ya mauzo yake kwa Wakenya, na faida hiyo hutozwa asilimia 30, yaani shilingi tatu katika kila mia ya mauzo. Tanzania iliweka asilimia 2 kuanzia Julai 2022. Uganda iliweka asilimia 5 mwaka 2023. Mbali na Afrika, Ufaransa iliweka asilimia 3 mwaka 2019, na India ilikwisha kuanza mwaka 2016 kwa kodi ya asilimia 6 juu ya matangazo.

Lakini nchi moja ikisimama peke yake, hutikiswa peke yake. Februari 21, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitoa waraka wa kutishia ushuru juu ya bidhaa za nchi zinazotoza makampuni ya Marekani kodi za namna hii. India ikaifuta kodi yake ya matangazo kuanzia Aprili 1, 2025. Kanada nayo, nchi tajiri na jirani wa Marekani, ilitangaza Juni 29 mwaka huo kwamba inaiacha kodi yake ya asilimia 3, siku moja tu kabla ya malipo ya kwanza kupokewa, baada ya Bwana Trump kuvunja mazungumzo ya biashara.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini. Ikiwa Kanada, mmoja wa mataifa saba makubwa ya viwanda, imerudi nyuma kwa siku mbili, je, nchi inayouza kahawa, korosho na katani itasimama kwa siku ngapi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu sisi hatuwezi kuwa wapinzani wa ushirikiano wa mataifa. Ni wanyonge wanaouhitaji zaidi. Mwenye nguvu anaweza kuishi bila mkataba. Mnyonge bila mkataba ni windo.

Baraza lipi?

Kwa hiyo mgongano uliopo si kati ya wanaotaka ushirikiano na wasioutaka. Ni juu ya mahali pa kushirikiana.

Njia ya kwanza ilipita Paris, katika Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ambalo wengi wa wanachama wake ni mataifa tajiri. Nchi nyingine zilikaribishwa katika mazungumzo yake, na Oktoba 8, 2021, nchi 136 kati ya 140 zilikubaliana juu ya mpango wenye nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ilisema kwamba makampuni yenye mauzo ya zaidi ya euro bilioni 20 na faida ya zaidi ya asilimia 10 yatoe robo ya faida inayozidi kiwango hicho, igawanywe kwa nchi za wateja. Nguzo ya pili ilitaka makampuni makubwa yasilipe kodi chini ya asilimia 15 popote yalipo.

Nchi nne zilikataa kutia mkono: Kenya, Nigeria, Pakistan na Sri Lanka. Zilitukanwa kwamba zinachelewesha dunia. Lakini sababu zilikuwa wazi. Mpango ulizitaka nchi zifute kodi zao za kidijitali, kisha zingojee fungu litakalotoka kwa makampuni machache tu yaliyo makubwa kupita kiasi. Kuacha kilicho mkononi kwa ahadi iliyo hewani ni biashara ambayo hata mchuuzi wa soko la Ilala asingeikubali.

Na ahadi ikawa nini? Maandishi ya mkataba wa nguzo ya kwanza yalitolewa Oktoba 2023. Mwisho wa Juni 2024, siku iliyowekwa ya kutia sahihi, ulifika na kupita bila sahihi. Mkataba ulipangwa kwa namna ambayo hauwezi kuanza kazi bila Marekani, nayo Januari 20, 2025, ilitangaza kwamba mapatano hayo hayana nguvu nchini mwake. Juni 2025 yale mataifa saba makubwa yakaelewana kwamba makampuni ya Marekani yasamehewe sehemu kubwa ya kanuni za nguzo ya pili. Basi aliyesisitiza kwamba wote wafuate kanuni moja ndiye aliyepewa ruhusa ya kutoifuata. Kenya na Nigeria hazikuwa na ukaidi. Zilisoma maandishi kabla ya kutia kalamu.

Njia ya pili inapita katika Umoja wa Mataifa, ambako Marekani ina kura moja, na Burundi ina kura moja. Nchi za Afrika ndizo zilizoifungua njia hiyo, Nigeria ikisema kwa niaba ya kundi lote. Novemba 22, 2023, azimio lao la kutaka mkataba wa ushirikiano wa kodi lilipigiwa kura katika Kamati ya Pili ya Baraza Kuu. Nchi 125 zilisema ndiyo, 48 zilisema hapana, na 9 hazikuunga upande. Desemba 24, 2024, Baraza Kuu likapitisha misingi ya kazi hiyo kwa kura 119, na 9 tu zikapinga: Marekani, Uingereza, Kanada, Japani, Australia, New Zealand, Israeli, Korea ya Kusini na Argentina. Nchi 43 zilijizuia. Kazi ikaanza Februari 2025 huko New York, na siku ya kwanza tu wajumbe wa Marekani wakatoka nje. Wengine waliendelea. Novemba 2025 kamati hiyo ilikutana Nairobi, na inatakiwa imalize maandishi yake mwaka 2027. Pamoja na mkataba wenyewe imepangwa itungwe itifaki maalumu juu ya kodi ya huduma zinazouzwa kuvuka mipaka katika uchumi wa kidijitali, yaani juu ya lile lile tangazo la mwuza khanga.

Hoja za upande wa pili

Haki yataka tuzisikilize hoja za wanaopinga, maana si zote za kupuuza. Wanasema kwamba kodi inayotozwa juu ya mauzo, si juu ya faida, inaweza kumwumiza hata aliyepata hasara. Hiyo ni kweli. Wanasema kwamba kila nchi ikiweka kiwango chake, biashara ndogo inayotaka kuuza nchi za nje itapotea katika msitu wa sheria. Hiyo pia ni kweli, na itamwumiza hata kijana wa Arusha anayebuni programu ya simu na kuiuza Lusaka na Kigali. Wanasema vile vile kwamba kampuni ikitozwa itaongeza bei, na mzigo utamrudia mnunuzi. Na mara nyingine ndivyo inavyokuwa.

Lakini hoja zote hizo, ukizipima, hazielekei mahali wanapotaka. Ikiwa kodi ya mauzo ni chombo kibovu, basi dawa ni mkataba utakaogawanya faida kwa haki. Ikiwa sheria za kila nchi peke yake ni msitu, basi dawa ni kanuni moja ya wote. Na kanuni moja ya wote haiwezi kutungwa na wachache. Anayelalamikia vurugu, kisha akatoka nje ya baraza linalotaka kuiondoa, haombi utaratibu. Anaomba mambo yabaki yalivyo.

Maneno na mfuko

Septemba 22, 2024, Umoja wa Mataifa ulipitisha Mapatano ya Kidijitali ya Dunia. Humo mataifa yameahidi kuwaunganisha watu wote na intaneti, pamoja na shule na hospitali, yakiutazamia mwaka 2030. Ni shabaha njema. Lakini mapatano hayo hayamfungi mtu kisheria, wala hayana hazina yake. Mwaka huo huo wa 2024 Shirika la Mawasiliano la Umoja wa Mataifa lilikisia kwamba katika Afrika ni watu 38 tu katika kila mia waliokuwa wakitumia intaneti.

Nguzo za umeme, minara, nyaya za kupita chini ya ardhi, walimu wa kufundisha kazi hiyo, vyote hivyo ni fedha. Zitatoka wapi? Zikitoka kwa mkopo, tutalipa riba. Zikitoka kwa msaada, tutapangiwa la kufanya. Zikikatwa katika fedha za mama wa kijijini, tutakuwa tumemtoza maskini ili kumjengea soko tajiri. Njia ya heshima ni moja: anayevuna katika shamba achangie kulitia mbolea. Ndiyo maana kodi na maendeleo yasiyomwacha mtu nyuma si habari mbili.

Wajibu wetu wenyewe

Hata hivyo tusiwe watu wa kulaumu Washington na Paris tu, tukasahau nyumbani. Nchi tatu jirani, zenye soko moja na lugha moja, zimeweka viwango vitatu kwa njia tatu. Mwenye kampuni ya ng'ambo akitaka kututenganisha hahitaji kufanya kazi kubwa. Tumekwisha kujitenga wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kila sababu ya kwenda New York na Nairobi ikiwa na msimamo mmoja, na kila siku inayopita bila msimamo huo ni siku tunayowapa wengine.

Tena, kura 119 ni nguvu, lakini kura haiandiki kifungu. Vifungu huandikwa usiku, na watu wanaojua hesabu za makampuni, neno kwa neno. Tukipeleka wajumbe wanaobadilishwa kila mkutano, tutashinda katika kupiga kura na kushindwa katika maandishi, nasi tutajikuta mwaka 2027 mahali pale pale tulipokuwa mwaka 1928, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii tulikuwa na kiti, ila tulisinzia.

Na neno la mwisho ni kwa wafanyakazi wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vimezoea kudai nyongeza ya mshahara, nayo ni haki. Lakini mshahara huongezwa kwa mkono mmoja na kupunguzwa kwa mkono mwingine, pale makato yanapomwangukia asiye na pa kukimbilia. Basi vidai pia kujua: wajumbe wetu katika mkataba huu wanatetea nini? Kodi iliyokwisha kukusanywa kwa makampuni ya mitandao ya ng'ambo ni kiasi gani, nayo imefanya kazi gani? Na ikiongezeka, je, mzigo wa mtuma fedha kwa simu utapungua? Hayo si maswali ya uchokozi. Ni maswali ya mwenye mali.

Mwaka 1928 hatukuulizwa, kwa kuwa hatukuwa huru. Leo tunaulizwa. Tukinyamaza, hatutakuwa na Mwingereza wa kumlaumu.